Kilichomo ndani ya priamplifaya ya zamani, na kwa nini sahani zetu za santuri zinakihitaji

Ami yangu alipofariki na vitu vya nyumba ya Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kugaiwa, kilibaki kimoja ambacho hakuna aliyekitaka: kisanduku kidogo cha chuma, kinachoenea juu ya kijimeza cha chai, chenye vitufe vya rangi ya chungwa. Watoto walidhani ni redio. Walikichomeka, wakabonyeza kila kitufe, hakikutoa sauti, wakakiacha. Pamoja nacho palikuwa na mwenzake, mzito kama jiwe la kusagia, na huyo kila mtu alimjua kuwa ni amplifaya.

Binamu yangu aliniuliza suali la haki kabisa: "Kama amplifaya ipo, hichi cha nini?"

Kisanduku chenyewe ni Quad 33, priamplifaya iliyotengenezwa Huntingdon, Uingereza, na kampuni ya Peter Walker. Ilianza kuuzwa mwaka 1967 pamoja na amplifaya yake ya Quad 303. Ami alikuwa baharia, na mashine hizi alizileta kwa mikono yake, amezifunga ndani ya blanketi. Nimeandika makala hii kumjibu binamu, na kwa ajili ya kila mwenye sahani za zamani chini ya kitanda ambaye ameambiwa kuwa mashine kama hii ni takataka.

Jibu wanalolitoa wengi ni kwamba priamplifaya ni amplifaya ndogo inayoitangulia kubwa. Si uongo, lakini linaificha kazi yenyewe. Sauti iliyochongwa kwenye sahani ya santuri imepotoshwa kwa makusudi na walioichonga. Besi, yaani sauti nene, imepunguzwa; trebo, yaani sauti nyembamba, imeongezwa. Mtu akiipiga vile ilivyo, haisikiki kama ilivyoimbwa. Priamplifaya ndiyo inayoirudisha mahali pake, na hilo ndilo lililowahangaisha mainjinia hodari kwa miaka mingi.

Tuanze lakini na nguvu, kwa sababu mengi yanatokana na hapo.

Sindano inapopita kwenye mfereji wa sahani, hutikisika, na ule mtikisiko hugeuzwa umeme na sumaku ndogo iliyomo ndani ya kichwa cha sindano. Umeme huo ni kidogo mno, kama milivolti 5. Betri moja ya tochi ina volti moja na nusu, yaani mara 300 ya hizo. Kuna vichwa vya aina nyengine, ambavyo ndani yake kinachotembea ni koili (waya uliozungushwa) badala ya sumaku, na hivyo hutoa hata chini ya nusu milivolti. Upande wa pili, Quad 303 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hupeleka wati 45 kwenye spika ya omu 8, na kwa hesabu ya kawaida hizo ni kama volti 19.

Kutoka milivolti 5 hadi volti 19 ni safari ya karibu mara 3,800. Inakwenda kwa hatua mbili. Quad 33 huzipandisha milivolti 5 hadi nusu volti, yaani mara 100, kisha 303 humalizia kwa kama mara 38. Hesabu hii ndiyo inayoeleza kwa nini priamplifaya nzuri ilikuwa ghali. Uchafu wowote unaoingia mwanzo wa njia, iwe mvumo wa umeme au ile sauti ya "shhh" ya transista duni, utakuzwa mara 3,800 pamoja na muziki. Uchafu huo huo ukiingia baada ya priamplifaya utakuzwa mara 38 tu. Kwa hivyo hatua ya kwanza ndiyo iliyotiliwa vifaa vilivyochaguliwa kimoja kimoja, na hatua hiyo ndiyo iliyofanya watu watenge kisanduku mbali na amplifaya. Transfoma kubwa ya amplifaya hutoa mtetemo wa sumaku kuizunguka, na ukiiweka karibu na waya unaobeba milivolti 5, waya ule utaukamata. Ami alikuwa ameziweka mashine mbili hizi pande mbili za kabati, na mimi nilidhani ni urembo.

Sasa tuje kwenye upotoshaji.

Atakayeyaelewa haya vizuri ni mtu wa Mji Mkongwe. Mifereji ya sahani imepangana kama vichochoro vyetu, ubavu kwa ubavu, na kati ya mmoja na mwengine kuna ukuta mwembamba. Sauti nyembamba huutikisa mfereji kidogo tu. Besi inautikisa sana, kwenda kushoto na kulia kwa upana, kama mkokoteni wa hamali uliojaa magunia unavyoyumba. Besi ikichongwa kwa ukubwa wake wa kweli, mfereji utagonga ukuta wa jirani, au itabidi vichochoro vitanuliwe mpaka sahani nzima ibebe nyimbo mbili tu. Kwa hivyo wachongaji waliipunguza besi kabla ya kuichonga.

Trebo ina shida ya kinyume. Sahani yenyewe ina mkwaruzo wake, hata ikiwa mpya, na mkwaruzo huo unasikika zaidi kule juu kwenye sauti nyembamba. Fidla na nai zikichongwa kwa kiasi chake zitamezwa. Basi wachongaji waliipandisha trebo, kama mtu anavyopaza sauti akizungumza Darajani mchana. Wakati wa kupiga, trebo inateremshwa, na mkwaruzo unateremka pamoja nayo. Hii ni hila nzuri sana, na kila nikiifikiria naona raha: kelele inapunguzwa bila ya kuigusa, kwa kuunyanyua muziki kwanza na kuushusha baadaye.

Shida ni kwamba hila hii inataka pande mbili zikubaliane. Aliyechonga amepunguza besi kiasi gani, kuanzia wapi? Kwa miaka mingi kila kampuni ilikuwa na jibu lake. Mwaka 1954 ndipo chama cha kampuni za kurikodi za Marekani, RIAA, kilipoweka kipimo kimoja, na dunia nzima ikakifuata polepole. Kipimo hicho kina vituo vitatu ambapo ukuzaji hubadilisha mwendo wake: hezi (mitikisiko kwa sekunde) 50, hezi 500 na hezi 2,122. Ukiyachukua mawimbi ya hezi 1,000 kuwa ndiyo katikati, basi priamplifaya inatakiwa iyakuze mawimbi ya hezi 100 kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 13 zaidi, na ya hezi 10,000 iyapunguze kwa karibu desibeli 14. Ukitoka chini kabisa, hezi 20, hadi juu kabisa, hezi 20,000, tofauti ya ukuzaji inafika karibu mara 90. Yote haya yafanyike bila ya kukosea hata kidogo, na kwa upande wa kushoto na wa kulia sawasawa.

Nilipokuwa bado sijakifufua kisanduku, fundi mmoja wa mjini alinishauri nikiache. Alisema niunganishe santuri moja kwa moja kwenye mashine ya kisasa ya kuangalia filamu, penye tundu la kuingizia sauti. Tulifanya. Volyumu ilibidi iende mpaka mwisho, na kilichotoka kilikuwa kama mtu anayeimba ndani ya kopo: hakuna besi, na kila herufi ya "s" inachoma sikio. Yule fundi akasema sahani ndizo zilizokufa. Sahani hazikufa. Tulikuwa tunaisikia sauti iliyopotoshwa vile vile ilivyo kwenye mfereji, bila ya mtu wa kuirudisha.

Na hapa ndipo jambo lenyewe linapotuhusu sisi hasa. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alisafiri kwenda Bombay kurikodi taarab kwa kampuni ya His Master's Voice. Sahani zile za lakiri, nzito na zinazovunjika kama vigae, zinazunguka mara 78 kwa dakika, na zilichongwa miaka 26 kabla ya kipimo cha RIAA. Kurikodi kwa umeme, kwa kutumia maikrofoni, kulikuwa kumeanza mwaka 1925 tu. Kwa desturi ya sahani nyingi za zama hizo, besi ilianza kupunguzwa chini zaidi, kwenye hezi 250 au 300 hivi badala ya 500, na trebo kwa kawaida haikupandishwa.

Ukiipiga sahani kama hiyo kwa kipimo cha RIAA, priamplifaya itafanya kazi yake kwa uaminifu na kuiharibu. Itateremsha trebo ambayo hakuna aliyeipandisha. Kwenye hezi 5,000, pale zinapokaa "s" na "sh" na mlio wa kucha kwenye nyuzi za kanuni, itapunguza karibu desibeli 8 ambazo hazikustahili kupunguzwa. Na chini itajaza besi zaidi ya ilivyokuwa. Matokeo yake ni ile sauti ambayo wengi wetu tunaiamini kuwa ndiyo sauti ya zamani: nzito, ya kufunikwa, kama mwimbaji yuko nyuma ya pazia. Nimewasikia watu wa heshima wakisema kuwa vifaa vya wakati ule vilikuwa duni, ndiyo maana maneno hayasikiki. Vifaa vilikuwa na mipaka yake, ni kweli, lakini sehemu ya lile pazia tumeitundika wenyewe.

Watengenezaji wakubwa wa priamplifaya walilijua hili. Saul Marantz wa New York alianza kutengeneza mashine zake nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1950, na jambo lililomsukuma ni hilo hilo: sahani za kampuni tofauti zilikuwa zinataka vipimo tofauti. Mwishoni mwa muongo ule kampuni yake ilitoa Marantz 7, ambayo hadi leo wapenzi wa sauti huitaja kwanza wakizungumza juu ya priamplifaya za vali, vile vioo vya umeme vilivyotangulia transista. Injinia wake alikuwa Sidney Smith. Mbele ina swichi ndogo yenye nafasi tatu: RIAA, sahani ndefu (LP) za zamani za kampuni ya Columbia, na sahani za 78. Kwa mtu wa Marekani wa mwaka 1960 nafasi ile ya tatu ilikuwa ni ukumbusho wa sahani za wazee wake. Kwetu ingekuwa ndiyo ya kwanza kutumika.

Ndani ya Marantz 7 mna vali sita za aina moja, ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7. Kila vali ina sehemu mbili ndani ya kioo kimoja, kwa hivyo ni sehemu kumi na mbili, sita kwa kila upande wa stirio. Tatu zinashughulikia sahani, tatu zinashughulikia volyumu na toni. Katika zile tatu za sahani, mbili hukuza na ya tatu haikuzi kitu. Kazi yake ni kuipa sauti misuli, ili iweze kuibeba njia ya kusawazisha, ile inayoirudisha besi na trebo mahali pake, inayoning'inia mwisho wake bila ya kuchoka. Wengine wangeiacha sehemu hiyo ya tatu ili kuokoa gharama. Marantz hawakuiacha, na tofauti inasikika hasa kwenye sauti za juu, pale ambapo njia ya kusawazisha inadai umeme mwingi zaidi.

Nimetaja njia ya kusawazisha, na lazima nieleze inavyofanya kazi, kwa sababu inategemea moja ya fikra nzuri kabisa katika fani ya umeme: mrejesho. Aliyeubuni aliitwa Harold Black, injinia wa maabara za simu za Bell, Marekani. Agosti mwaka 1927 alikuwa ndani ya feri akivuka mto Hudson kwenda kazini, fikra ikamjia, akaichora juu ya ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo. Ninaposafiri kwa boti kwenda Dar es Salaam na kuona watu wamelala, huwa namkumbuka.

Fikra yenyewe ni hii: chukua sehemu ya sauti inayotoka mwisho wa amplifaya, igeuze kinyume, uirudishe mwanzo. Kila kosa linalotoka hurudi na kujipunguza lenyewe. Sisi tuliosoma chuo cha Kurani tunalijua jambo hili. Mtoto anasoma mbele ya mwalimu, mwalimu anamsikiliza, akikosea anarudishwa pale pale, na kadiri anavyosikilizwa ndivyo anavyonyooka. Mwalimu asiposikiliza, mtoto atakwenda mbio na makosa yake. Sasa ongeza jambo moja: tuseme mwalimu ana sikio kali kwa sauti nyembamba na sikio zito kwa sauti nene. Sauti nyembamba atazirudisha sana, zitapungua. Sauti nene atazipisha, zitabaki kubwa. Hivyo ndivyo RIAA inavyotengenezwa ndani ya mashine hizi. Kapasita chache na rizista chache, vifaa vidogo vya umeme, kwenye njia ya kurudi zinaamua kiasi gani cha kila wimbi kirudishwe. Kuihamisha mashine kutoka RIAA kwenda 78 ni kubadilisha kapasita na rizista hizo, kwa swichi moja.

Quad 33 haitumii vali, inatumia transista, na haina swichi ya 78. Wakati inatoka, Walker aliona kipimo cha RIAA kimekwisha shinda. Lakini aliacha milango mengine, na milango hiyo ndiyo iliyonifanya niikatae bei ya yule fundi alipotaka kuinunua.

Ukikifungua kifuniko utakuta vibao vya saketi vinavyochomolewa, vimesimama kwenye matundu yao. Kimoja ni cha sahani, na hicho kinaweza kugeuzwa: ukikitia upande mmoja kinafaa kichwa cha sindano cha sumaku cha kawaida, ukikigeuza kinafaa kichwa chenye nguvu tofauti. Hakuna kulehemu. Mtu wa kawaida, mwenye bisibisi moja, anaweza kuibadilisha mashine yake iendane na santuri yake. Ukitaka kujua mtengenezaji anamheshimu mnunuzi kiasi gani, tazama mambo kama haya kabla ya kutazama uso wa mashine.

Kisha kuna vile vitufe vya rangi ya chungwa, ambavyo watoto walivibonyeza bure. Vitatu ni vya chujio: 10k, 7k na 5k, yaani elfu kumi, elfu saba na elfu tano. Kila kimoja kinasema chujio lianzie wapi kukata mawimbi ya juu. Pembeni yao kuna kifundo cha kuzungusha ambacho sijakiona kwenye mashine za siku hizi. Kifundo hicho kinaamua ukali wa kukata: kutoka sifuri, ambapo chujio halikati kitu, hadi desibeli 25 kwa kila mara wimbi linapojirudufu. Wengine walikuwa wakiweka swichi moja ya kukata mkwaruzo, washa au zima, na ukiiwasha mkwaruzo unaondoka na nusu ya fidla inaondoka nayo. Walker alikupa mteremko unaoweza kuupima kwa sikio lako. Sahani iliyochakaa kidogo unaipa mteremko mpole. Iliyopigwa kwenye harusi mia kwa sindano za chuma unaikata kwa ukali. Na kipo kitufe cha kufuta yote, ili ulinganishe papo hapo umeondoa nini.

Vifundo vya besi na trebo navyo vinadharauliwa na wapenzi wa sauti wa leo, wanaosema kuwa mashine safi haina toni. Mimi siwaafiki. Mwaka 1952 Mwingereza Peter Baxandall alichapisha saketi ya toni inayotumia ule ule mrejesho wa Black, nayo ikaenea dunia nzima, kwa sababu ilipandisha na kuteremsha pande mbili bila ya kuvuruga katikati. Kwa mwenye sahani za 78 na mashine isiyo na swichi ya 78, vifundo hivi ndiyo dawa. RIAA imeteremsha trebo kupita haki yake, basi pandisha. Imejaza besi, basi punguza. Hutaufikia usawa kamili, kwa sababu umbo la kifundo si umbo la kosa, lakini pazia litavutwa sehemu kubwa.

Kitufe ninachokipenda kuliko vyote ni cha mono. Kwenye sahani za 78 kama hizi muziki wote umechongwa kwa mtikisiko wa kushoto na kulia. Hakuna muziki wa juu na chini. Lakini vumbi, mikwaruzo na uchakavu wa chini ya mfereji huirusha sindano juu na chini bila ya kuchoka. Kichwa cha stirio kinapokea mienendo yote miwili. Mwendo wa kushoto na kulia hutoka sawa kwenye spika zote mbili. Ule wa juu na chini hutoka kinyume: spika moja inasukuma, nyengine inavuta. Ukibonyeza mono, mashine inajumlisha pande mbili. Kilicho sawa kinaungana, kilicho kinyume kinafutana. Sehemu kubwa ya kelele inaondoka na muziki haukuguswa hata kidogo. Jaribio hili mtu yeyote analisikia, hata asiyejua kitu cha umeme.

Nisisahau sindano. Mfereji wa 78 ni mpana karibu mara tatu ya mfereji wa sahani ndefu. Sindano ya kawaida itazama mpaka chini, ipite kwenye matope ya miaka 90, huku muziki umechongwa kwenye kuta juu yake. Inatakiwa sindano nene, yenye ncha ya mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) kama 65 au 75. Bila ya hiyo, maneno yote niliyoyaandika hapa hayatasaidia.

Mashine hizi hazikutengenezwa kwa hewa yetu. Chumvi ya bahari na unyevu wa masika huyala meno ya vibao vile vya kuchomoa, na huo ndio uliokuwa ugonjwa wa kisanduku cha ami. Upande wa kushoto ulikuwa kimya, wa kulia ukija na kuondoka. Nilikichomoa kila kibao, nikayafuta meno yake kwa kitambaa cha pamba na spiriti, mpaka weusi ukaisha kwenye kitambaa, nikakirudisha na kukichomoa tena mara kadhaa ili matundu nayo yasuguike. Upande wa kushoto ukarudi. Kapasita kubwa za umeme ni habari nyengine: ndani zina maji maji yanayokauka kwa umri na joto, na zikikauka mvumo unaingia. Nilizibadilisha zote kwa zenye kipimo kile kile, na sikubadilisha chengine. Wengine hubadilisha kila kitu, wakaishia na mashine ya mtu mwengine ndani ya sanduku la Quad.

Mwenye mashine ya vali asifanye haya peke yake. Kapasita zake hubeba mamia ya volti na huweza kuzishikilia hata baada ya plagi kuchomolewa. Na mashine iliyouzwa soko la Marekani, kama Marantz 7 nyingi, inataka volti 117. Umeme wetu ni 230. Transfoma ya kuteremshia ni lazima iwepo kabla ya plagi.

Juu ya mvumo kuna jambo moja lililonichukua wiki nzima kulijua. Umeme wa nyumbani unatetema mara 50 kwa sekunde. Kipimo cha RIAA, kama nilivyosema, kinaikuza besi, na kwenye hezi 50 kinakuza kwa desibeli 17 kuliko katikati, karibu mara 7. Kwa hivyo mvumo wa umeme unatua pale pale ambapo priamplifaya imefungua mlango mpana kabisa. Nilibadilisha waya, nikahamisha transfoma, nikazima friji, mvumo ukabaki. Mwisho nikauona: uzi mwembamba wa waya uliotoka kwenye santuri, peke yake, haujafungwa popote. Ni waya wa ardhi, wa kuunganisha mwili wa santuri na mwili wa priamplifaya. Nilipouegesha tu kwenye chuma cha kisanduku kwa kidole, chumba kilinyamaza. Nilidhani umeme umekatika.

Usiku ule nilimwita shangazi. Ndiye aliyekuwa akizisikiliza sahani hizi na ami walipokuwa wadogo, na kwa miaka kumi alizisikia kwenye kaseti za kunakili tu. Nilitia moja ya lakiri, na kwanza nikaipiga bila ya kugusa kitu: RIAA, stirio, vifundo katikati. Akatikisa kichwa kwa adabu. Kisha nikabonyeza mono, na chini ya sauti pakawa peusi. Nikabonyeza 7k, mteremko nikauweka nusu. Besi nikaivuta nyuma, trebo nikaipeleka mbele, mbele zaidi ya vile mtu anavyothubutu kwa sahani mpya. Kanuni ikatoka pembeni ya fidla, vyombo viwili badala ya kimoja.

Alikuwa ameshika kikombe cha kahawa. Hakukinywa mpaka upande ukaisha.

"Mwanangu," akasema, "hapo kati nilidhani siku zote anasema neno jengine. Hebu irudishe."

Niliirudisha mara tatu. Baadaye nikachukua kipande cha karatasi nikakibandika kwenye bahasha ya sahani, kwa ajili ya atakayeipiga baada yangu: *Sindano nene. Mono. 7k, mteremko nusu. Besi chini, trebo juu. Usisahau waya wa ardhi.*